Saa ya marehemu baba ina jambia usoni: thamani yake iko wapi?

Swali

Maalim, assalamu alaykum. Marehemu baba alitoka Unguja akaenda Maskati mwaka 1972, akafanya kazi serikalini huko mpaka alipostaafu. Katika vitu alivyoacha kuna saa ya mkono ya Rolex, ya chuma, imeandikwa Datejust. Usoni, juu kidogo ya pale penye 6, kuna alama ya jambia na panga mbili kwa rangi ya dhahabu. Uso wenyewe ulikuwa wa rangi ya fedha, lakini sasa umeingia madoa ya manjano pembeni. Fundi mmoja wa Darajani ameniambia ataupaka upya, ung'ae, kwa laki na nusu. Na kuna bwana amekuja nyumbani kunipa milioni nne taslimu. Anasema niamue leo, kwa kuwa saa yenye alama ya nchi haina soko. Je, alama kama hii huongeza bei au huipunguza? Na uso niupake au niuache?

Jibu

Wa alaykumu s-salaam, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Yale ya haraka kwanza: saa isirudi kwa fundi, na milioni nne usizipokee. Mengine tuyazungumze taratibu.

Tufanye hesabu ndogo. Milioni nne za Tanzania ni dola 1,500 na ushei. Datejust ya chuma ya miaka ya sabini, ya kawaida kabisa, isiyo na alama yoyote, maadamu ni halisi na inatembea, huuzwa Ulaya, Dubai au Marekani kwa dola elfu tatu hivi, na nzuri hupita hapo. Kwa hiyo bwana huyo anataka umwachie saa kwa nusu ya bei, na alama bado hatujaigusa. Tena kama kweli haina soko, haraka ya nini?

Sasa uso. Wakusanyaji wa saa za zamani hutazama uso kwanza na mashine baadaye. Jambo hili huwashangaza mafundi wetu, kwa sababu fundi amelelewa akijua kwamba saa ni mashine. Lakini mashine za Datejust za miaka hiyo zilitoka kwa maelfu na maelfu, zote sawa, na ikiharibika moja vipuri vinapatikana. Kasha nalo likikwaruzika linapigwa polishi, japo wakusanyaji hawapendi hata hilo. Uso ukishaharibika ndiyo basi. Ni bamba jembamba la shaba ya manjano, limepakwa, likatiwa vanishi, likachapwa maandishi yasiyozidi unene wa unywele, na kila kitu kilichopata kuingia chini ya kioo kimeacha alama yake pale.

Tena nyuso hizo mara nyingi hazikutengenezwa na kampuni inayosomeka juu yake. Uswisi ilikuwa na nyumba zilizofanya kazi hiyo tu: Singer ya La Chaux-de-Fonds, Stern ya Geneva, na wengineo. Akina Stern walifanikiwa kiasi kwamba mwaka 1932 waliinunua Patek Philippe yenyewe, na ukoo wao ndio unaoimiliki mpaka leo. Mteja mkubwa akitaka rangi nyingine, au jina la duka lake, au nembo ya jeshi, agizo lilikwenda kwa watu kama hao, wakachapa nyuso chache, zikafungwa kwenye makasha ya kawaida. Tofauti nyingi zinazogombaniwa leo zilizaliwa hivyo, bila kelele.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Daytona, saa ya Rolex ya wapenda mbio za magari iliyotoka mwaka 1963. Katikati ya miaka hiyo ya sitini ilikuwa dola mia mbili na kitu dukani, wala haikuwa ikigombaniwa. Singer walitengeneza uso wa pili kwa ajili yake, wenye rangi zinazopingana, ukingo wa nje uliozama kidogo, na ndani ya viduara vile vitatu vidogo mistari iliyoishia kwa vijiboksi. Wateja wengi hawakuupenda. Wauzaji walikaa nazo kabatini. Kisha ikaonekana kwamba mwigizaji Paul Newman alikuwa akivaa mojawapo, Wataliano wakaanza kuzisaka, na leo Daytona ya uso ule huuzwa kwa bei mara mbili, mara tatu na zaidi ya dada yake mwenye uso wa kawaida, ingawa kasha ni lile lile na mashine ni ile ile. Ile ya Newman mwenyewe, ambayo mkewe Joanne Woodward aliichoresha nyuma maneno ya kumwonya aendeshe kwa uangalifu, iliuzwa na nyumba ya mnada ya Phillips mjini New York tarehe 26 Oktoba 2017 kwa dola 17,752,500. Bei hiyo usiitumie kupimia kitu chochote. Pale ulinunuliwa mkono uliovaa saa pamoja na saa.

Mpaka hapa unaweza kudhani kwamba uso ukiwa wa nadra tu, tumeshatajirika. La. Kampuni ya Marekani ya kuuza piza, Domino's, ilikuwa ikiwazawadia mameneja waliofikia kiwango cha mauzo Rolex Air-King yenye nembo ya kampuni usoni, rangi nyekundu na buluu. Nyuso hizo ni chache ukilinganisha na Air-King za kawaida. Lakini kwa miaka mingi watu walizicheka, na bei yake haikupanda ya kutajika. Uchache bila watu wanaoutaka hauna bei. Kinachotakiwa ni hadithi ambayo mtu mwingine atapenda kuivaa, na piza, Mungu anisamehe, si hadithi ya kila mtu.

Upande wa pili wako wazamiaji wa Comex, kampuni ya Kifaransa ya Marseille iliyofanya kazi za chini ya bahari. Rolex iliwatengenezea saa za kuzamia zenye jina la COMEX usoni, na hizo bei yake imekuwa ikipanda mbali kuliko Submariner, saa ya kuzamia ya Rolex, za kawaida. Mkusanyaji anazilipia hivyo kwa sababu uso una mashahidi. Mojawapo, namba ya modeli 5514, ilitengenezwa kwa ajili ya Comex tu. Kasha lake limetobolewa ubavuni ili kutoa gesi ya heliamu, na kifuniko cha nyuma kimechorwa namba ya kampuni. Mtu akichukua uso wa COMEX akaufunga kwenye Submariner ya kawaida, kasha lenyewe litamsema.

Sasa tulete jambia lako kwenye mizani hiyo.

Sultani Qaboos alishika madaraka tarehe 23 Julai 1970, akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi, na ndivyo mzee wako na wengine wengi wa Unguja na Pemba walivyojikuta Maskati. Katika miaka hiyo hiyo ikulu yake iliagiza saa za Uswisi kupitia duka la Asprey la London kwa ajili ya zawadi. Zilikwenda kwa maofisa wa Kiingereza, kwa askari wa kikosi chao maalumu cha SAS waliopigana vita vya Dhofar, kwa wageni, na kwa watumishi. Nyingi zilikuwa Rolex, ingawa si Rolex peke yake. Alama ni ile ya ukoo wa Busaidi na ya taifa: jambia juu ya panga mbili zilizopishana. Utaikuta kwa rangi nyekundu, kwa dhahabu, mara nyingine kwa rangi nyingine. Ziko zilizobeba saini ya Sultani kwa Kiarabu badala ya jambia, na ziko ambazo usoni hazina kitu, alama imechorwa nyuma. Jirani zao wa Falme za Kiarabu nao waliagiza za kwao, zenye mwewe wa Kikureshi wa wizara ya ulinzi.

Hizi wakusanyaji wanazitaka, na wanazitaka hasa. Daytona yenye jambia usoni imeshauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Za kuzamia zilizokwenda kwa SAS nazo ziko juu sana. Lakini wewe una Datejust, na nisikufurahishe bure: Datejust ndiyo saa ya kila siku ya Rolex, iliyotengenezwa kwa wingi kuliko hizo nyingine, na jambia lililo juu yake huongeza bei kwa kiasi cha mwanadamu wa kawaida. Tuseme badala ya dola elfu tatu, tunazungumzia bei iliyopanda mara mbili au mara kadhaa, kutegemea hali yake na, zaidi ya yote, kutegemea kama mnunuzi ataamini kwamba jambia lile lilikuwapo tangu mwanzo.

Na hapo ndipo penye mzigo. Saa ya Comex inajitetea kwa kasha lake. Uso wa Paul Newman unajitetea kwa muundo wake, maana ni uso mzima tofauti, si uso wa kawaida ulioongezewa kitu. Jambia halina ulinzi huo. Ni mchoro wa sentimita isiyofika, uliochapwa juu ya uso ule ule ambao Rolex iliufunga kwenye Datejust elfu nyingine. Mtu mwenye mashine ndogo ya kuchapa anaweza kununua uso wa kawaida leo, akaongeza jambia kesho. Wamefanya, na wanaendelea. Kwa hiyo anayenunua saa yenye jambia huanza kwa kuikataa, kisha husubiri umbadilishe mawazo.

Usidhani nyumba kubwa za mnada zina macho yasiyodanganyika. Novemba 2021, mjini Geneva, Omega Speedmaster ya mwaka 1957, modeli 2915-1, ambayo uso wake mweusi ulikuwa umegeuka kahawia kwa uzee, iliuzwa kwa faranga za Uswisi 3,115,500. Mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ikatangaza kwamba saa ile iliunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba watu waliokuwa watumishi wake walihusika. Tangu hapo wanunuzi wamekuwa wagumu zaidi, na hawana kosa.

Basi tuitazame yako jinsi watakavyoitazama wao. Tafuta lenzi ya fundi, ile ya kukuza mara kumi, na ukae dirishani mchana. Usifungue saa. Kioo cha Datejust ya miaka hiyo ni cha plastiki, unaona vizuri tu kupitia kioo ikiwa hakijakwaruzwa mno.

Anza na jambia lenyewe. Kiwandani alama ilichapwa kwa kifuko laini kinachobeba wino kutoka kwenye bamba lililochongwa na kuubandika usoni. Kingo hutoka kali, na wino hukaa umeinuka kidogo. Tazama mpini wa jambia na ncha za panga. Kama mistari imeyeyuka, au ina vidoadoa kama vya printa ya ofisini, hapo pana maneno. Kisha tazama uzee wake. Umesema uso una madoa ya manjano. Je, hali ya alama inafanana na hali ya uso unaoizunguka? Kama vanishi ina nyufa ndogondogo, ufa unatakiwa upite na kuikata alama pia. Ukiona wino umeingia ndani ya ufa na kuujaza, alama ilichapwa baada ya ufa, yaani miaka mingi baada ya kiwanda. Hicho ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote, na hakina gharama.

Halafu teremka mpaka ukingoni kabisa, chini ya 6, pale kwenye maandishi madogo ambayo watu hawayasomi. Kwa saa ya miaka ya sabini yenye rangi ya kung'aa gizani natarajia T SWISS T. T hizo ni za tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mnururisho, iliyotumika wakati huo kung'arisha nukta na akrabu. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila miaka 12 hivi, kwa hiyo ya mwaka 1972 leo imebaki kidogo mno, haiwaki tena ya kuonekana. Ukimulika uso kwa tochi, ukazima taa, na nukta zikawaka kijani usiku kucha, rangi hiyo ni mpya. Ukisoma SWISS MADE, bila T, na nukta zinawaka, huo ni uso wa mwishoni mwa miaka ya tisini au baadaye. Hutokea mara nyingi bila ubaya wa mtu: mwenye saa aliipeleka kwenye huduma, kituo kikaona uso umechakaa, kikaweka mwingine mpya. Kwako hilo ningelishangaa, kwa sababu uso wa akiba wa kituo cha huduma ukiwa na jambia ni jambo la kutilia shaka lenyewe.

Kando ya maandishi hayo hayo tafuta pia herufi ya Kigiriki inayofanana na o yenye mkia juu, moja kila upande. Hiyo iliwekwa katika miaka ya sabini kuonyesha kwamba vijiti vya saa na akrabu ni vya dhahabu. Kuipata ni kheri ndogo juu ya kheri nyingine. Kisha linganisha rangi ya zile nukta na rangi iliyo ndani ya akrabu. Zote zimezeeka pamoja chini ya kioo kimoja, kwa hiyo zikaribiane. Nukta za manjano na akrabu nyeupe pee maana yake kimoja kimebadilishwa.

Kuna namba pia, lakini hapo mwite mtu mwenye mkono mwepesi. Cheni ya saa ikitolewa, katikati ya miguu ya kasha upande wa 12 utaona namba ya modeli, na upande wa 6 namba ya saa yenyewe. Modeli ikisoma 1603, pete inayozunguka kioo ni chuma. Ikisoma 1601, pete ile yenye mikunjo ni dhahabu nyeupe, hata kama nyumbani mmezoea kuiita chuma. Modeli hizo zilidumu mpaka karibu 1977. Ikiwa na tarakimu tano, mfano 16014, ni ya baada ya hapo. Namba ya saa yenyewe itatuambia mwaka kwa kukadiria, nasi tutauliza kama mwaka huo unapatana na uso na miaka ya mzee Maskati. Usiiweke namba hiyo hadharani mtandaoni. Wako watu wanaokusanya namba za saa halisi ili wazichonge kwenye feki.

Sasa suala la kupaka. Najua fundi hana nia mbaya. Kwake uso wenye madoa ni uso mgonjwa. Lakini kupaka upya maana yake ni kukwangua kila kilichopo, jambia likiwemo, kupiga rangi mpya na kuchapa maandishi upya kwa bamba la kubahatisha. Ni sawa na mlango wa Mji Mkongwe uliopigwa msasa mpaka nakshi zikalainika: unang'aa, na hakuna tena wa kukuambia nani aliuchonga. Mwenye jicho huiona kazi hiyo kwa mbali. Herufi zimenenepa, taji la Rolex limekuwa na vidole vinene, mstari ule wa SWISS umekatika au haupo. Hata kwa saa isiyo na alama yoyote uso uliopakwa upya hukata bei vibaya. Kwa yako ungefuta kitu chenyewe kinachoitofautisha na Datejust nyingine zote duniani. Ukishakwanguliwa, hakuna duka litakalokuuzia mwingine.

Madoa yenyewe usiyaonee haya. Ziko nyuso ambazo kuzeeka kumezipandisha bei, kama zile nyeusi za miaka ya hamsini na sitini zilizogeuka kahawia sawasawa kwa jua, kwa sababu ya hitilafu ya rangi. Yako haimo katika kundi hilo. Manjano ya pembeni kwenye uso wa fedha ni unyevu, na wakusanyaji hulikata kidogo katika bei. Kidogo, narudia. Wanajua saa hizi ziliishi katika joto na chumvi ya pwani, na wanachagua uso wa kweli wenye doa mbele ya uso safi wa kutengenezwa. Unachotakiwa kufanya ni kuzuia doa lisiendelee. Itoe kwenye kabati la bafuni kama iko huko, iweke kwenye chombo kinachofunga pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na usiivae mvuani. Usiitie ufunguo kila siku kujaribu kama inatembea. Mafuta ya ndani yamekauka, vyuma vinasagana.

Kama ni lazima ihudumiwe kwa sababu imesimama, fundi aambiwe kwa maneno na kwa maandishi: mashine isafishwe, uso na akrabu visiguswe, kasha lisipigwe polishi. Piga picha kabla ya kuikabidhi. Chochote kitakachobadilishwa, hata parafujo, arudishe cha zamani.

Nimekuambia kwamba jambia halina shahidi wa kwake. Mashahidi itabidi uwatafute nyumbani, na hili ndilo jambo ambalo yule mwenye milioni nne hawezi kulinunua akishaondoka na saa peke yake. Patek Philippe na Longines wana madaftari ya zamani, ukiwaandikia wanaweza kukuthibitishia saa ilitoka lini na vipi. Rolex haitoi taarifa za namna hiyo kwa mtu binafsi. Kwa Rolex, karatasi za familia ndizo daftari.

Tafuta boksi, hata likiwa limeoza. Tafuta cheti cha dhamana chenye matundu ya namba, risiti ya huduma yoyote aliyowahi kuifanya Maskati, Dubai au London, barua ya ajira, barua ya pongezi, beji ya kazi. Tafuta zaidi ya yote picha. Harusi, Idi, siku ya kustaafu, mkono wake ukiwa juu ya meza. Picha ya mwaka 1976 inayoonyesha saa hiyo mkononi, hata kama jambia halisomeki vizuri, inaweza kuongeza bei kuliko polishi ya fundi yeyote. Usiitoe kwenye albamu kwa nguvu. Ipige picha pamoja na ukurasa wake, na kama nyuma kuna mwandiko, upige pia. Kama kuna jamaa Maskati waliofanya kazi naye, waulize saa ilitolewa lini, na nani, kwa shughuli gani, na waliopewa walikuwa wangapi. Warekodi wakisema, kwa idhini yao, maana wazee hawa wanaondoka.

Lakini usipambe hadithi. Kama mzee alinunua saa hiyo kwa mwenzake aliyepewa, sema hivyo hivyo. Wanunuzi wa kiwango hiki huuliza maswali, na uongo mmoja mdogo utawafanya wautilie shaka ukweli wote uliobaki. Nimeona saa nzuri ikishushwa bei kwa sababu ya barua nzuri mno.

Jambo moja la nyumbani: saa hii ni mirathi. Kabla bei yake haijajulikana, asiwepo mrithi anayeiuza wala anayeichukua kwa mafungu ya kukadiria, kwa sababu tofauti kati ya milioni nne na bei ya kweli inaweza kuwa kubwa kuliko vyombo vyote vya nyumba. Kama mgao umeshafanyika kwa makadirio ya zamani, waambieni wenzenu sasa, si baada ya mnada.

Wengine mtakaosoma hapa mna Seiko, si Rolex, na mtaona haya hayawahusu. Yanawahusu kidogo. Kuna Seiko 6139, ile ya njano ambayo mwanaanga William Pogue aliivaa kwenye kituo cha Skylab mwaka 1973 na 1974. Za mapema uso unasoma WATER 70m PROOF, za baadaye RESIST, na neno hilo moja hubadilisha bei. Chini kabisa ya uso wa Seiko kuna namba ndogo ya uso wenyewe. Ilinganishe na namba iliyo nyuma ya kasha. Na zile Seiko 5 zenye nyuso za rangi kali mno, nyekundu ya pipi na buluu ya bahari, zinazouzwa kama za zamani, nyingi zimepakwa upya India. Vaeni mkizipenda, msizilipie bei ya asili.

Nirudi kwako. Ukishapata picha za uso kwa karibu, za nyuma, za namba na za karatasi, zipeleke kwa nyumba zaidi ya moja kati ya Phillips, Christie's, Sotheby's na Bonhams. Wote hutazama picha na kutoa makadirio bila malipo. Wakikupa makadirio yanayopishana sana, waulize kila mmoja ameona nini kwenye uso. Jibu lao litakufundisha kuliko namba. Mnada hukata ada kwa muuzaji, na mnunuzi naye hulipa yake juu ya bei iliyogongewa nyundo, kwa hiyo uliza kitakachoingia mkononi mwako baada ya ada, bima, usafiri na picha za katalogi. Kama saa itasafiri, isafiri na mtu au kwa njia ya nyumba ya mnada yenyewe, na karatasi za forodha zikiwa tayari. Na kwenye mkataba, bei ya chini ambayo saa haitauzwa pungufu yake iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Isipoandikwa, usitie saini.